Mguu wa Hamali

Jitu lililobeba mbingu mabegani lilirudishwa karakanani saa tatu asubuhi ndani ya boksi la sabuni, mguu wake mmoja umefungwa kwenye gazeti kama kipande cha samaki. Dereva wa hoteli aliliweka boksi juu ya meza ya kazi, akajifuta jasho.

"Limekatika lenyewe," alisema. "Hakuna aliyeligusa. Mhudumu alikuwa anatandika kitanda, likamwangukia mguuni. Yuko nyumbani sasa, kidole kimevimba kama kiazi."

Karakana ile ilitengeneza sanamu ndogo za shaba, za miungu na mashujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale, za kupamba mahoteli, ofisi za mawakili na sebule za watu wenye sebule. Wafanyakazi walioiona miungu hiyo tangu ikiwa nta laini hawakuiogopa hata kidogo. Waliipa majina ya nyumbani. Zeu, aliyeshika radi, alikuwa Mzee wa Umeme. Hermesi mwenye mabawa viatuni walimwita Tarishi. Athena, na ngao yake na bundi wake begani, alikuwa Dada Mkuu, kwa kuwa alionekana kama mtu anayeweza kukutazama mara moja tu na ukaenda kunawa mikono bila kuambiwa. Na Atlasi, yule aliyehukumiwa kubeba mbingu milele, jina lake lilikuwa Hamali.

Aliyeyeyusha shaba na kuimimina alikuwa mzee mmoja mwembamba waliyemwita Fundi tu, kana kwamba hapakuwa na fundi mwingine duniani. Miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya tanuru lile. Kipande kikishapoa, kilikwenda kwa mkewe, aliyekikata mabaki, akakipiga tupa, akakisugua mpaka misuli ya Herkule ikaonekana kama inapumua. Yeye walimwita Mama Tupa. Hata mama mkwe wake alimwita hivyo, siku ambazo hawajagombana.

Tajiri, mwenye karakana, alitoka ofisini miwani imepanda kwenye paji la uso. Alifungua gazeti, akainua ule mguu uliokatika kifundoni.

"Nani alimimina hii?"

Swali lenyewe lilikuwa la kudhalilisha, maana mmiminaji alikuwa mmoja tu.

"Mimi, bosi," alisema Fundi.

"Wewe. Na unajua kwa nini imekatika? Ulimimina shaba iliyopoa. Jicho limezeeka, mzee wangu. Zamani ulikuwa ukitazama chungu unajua moto umefika, siku hizi unatazama unaona rangi ya chai." Aligeukia wengine, watu tisa waliokuwa wamesimamisha kazi zao. "Au nasema uongo? Hamali mwenyewe kashindwa kumbeba fundi wake!"

Mtu mmoja alicheka, kwa woga tu, kisha akajifanya anakohoa.

"Nenda nyumbani ukapumzike," Tajiri alimaliza. "Chungu atakishika Shemeji."

Shemeji alikuwa kaka wa mke wa Tajiri, kijana wa miaka thelathini na ushei aliyewahi kuuza simu, kisha viatu, kisha simu tena. Alijongea tanurini akakunja mikono ya shati kwa uangalifu asiikunje vibaya.

Mama Tupa alimtazama mumewe akisubiri ajibu. Huyu alikuwa mtu aliyewahi kubishana na daktari juu ya joto la mwili wake mwenyewe. Hakuwahi kukubali kosa lisilo lake, na yaliyo yake aliyakubali nusu. Lakini Fundi aliinamisha kichwa, akatoka zake na ndala za kazini. Hilo ndilo lililomkata maini mkewe, kuliko maneno yote ya Tajiri.

"Wewe baki, mama," Tajiri alimwambia. "Tupa haijakosa. Tena mwonyeshe Shemeji mzee alikuwa anaweka wapi koleo zake."

Alimwonyesha. Alimwonyesha koleo ndefu, koleo fupi, glavu na ndoo ya mchanga, huku uso mkavu na sauti ya kawaida, na kila kitu alichokigusa kilikuwa bado na alama ya kiganja cha mumewe. Ilipofika saa sita alikwenda mlangoni mwa ofisi.

"Bosi, naomba huo mguu."

"Wa nini?"

"Nataka kuutazama."

Tajiri alicheka, akamrushia. "Chukua. Kauombeeni baraka."

*

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na sebule ambayo dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Juu ya kabati alisimama Tarishi mmoja aliyeharibika bawa, akaletwa nyumbani badala ya kuyeyushwa. Mama mkwe alikuwa amemshonea kaptula siku ile ile alipoingia. "Mungu au si mungu," alisema, "hapa wanapita wageni."

Mama Tupa alimkuta mumewe amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, ndala bado miguuni.

"Tangu arudi hajatamka neno," mama mkwe alimweleza, sindano mdomoni. "Nimemuuliza kama anaumwa, hapana. Kama ana njaa, hapana. Nikamuuliza kama ameua mtu, akanitazama tu."

Mama Tupa hakupoteza muda. Alivuta kiti, akauweka mguu wa shaba mezani mbele ya mumewe, sehemu iliyokatika imeelekea juu.

"Utazame."

"Niondolee."

"Baba watoto, utazame. Shaba iliyopoa ikimiminwa huacha mikunjo na mashimo. Wewe ndiye uliyenifundisha. Hapa hakuna shimo hata moja. Jicho lako halina kasoro, na huyo mtu amekutukana mbele ya watu kwa kosa ambalo..."

"Najua," alisema Fundi.

"Unajua nini?"

"Kwamba jicho langu ni zima." Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Ningefurahi lingekuwa bovu."

Mama mkwe alitoa sindano mdomoni.

Fundi aliendelea kusema huku akiutazama ule ukuta wa jirani. "Siku ya kumimina wale Mahamali kumi na wawili wa hoteli, chungu kilitoa moshi mweupe. Mweupe, unapeperuka kama pamba. Shaba yetu ya kuchanganywa na bati haitoi moshi wa namna ile. Nikaenda ofisini, nikamuuliza, bosi, haya matofali ya shaba yametoka wapi? Akasema ni mapya, bei nzuri. Nikamwambia humu wameyeyusha bilula za maji na mabomba, mna zinki, mna madini ya risasi, hii haitabeba tufe la mbingu juu ya kifundo chembamba vile. Akaniambia, mlangoni wapo wanaoitaka kazi yako. Nikarudi, nikamimina. Wote kumi na wawili. Ndiyo maana sikumjibu leo. Ningemjibu nini? Nilikuwa nimeona."

Redio ya jirani ilikuwa ikisoma matokeo ya mpira.

Mama Tupa alikuwa amekuja na hasira zake zote zimepangwa vizuri, tayari kumtetea mtu asiye na kosa. Sasa hakujua aziweke wapi. Aliuchukua ule mguu, akapitisha kidole gumba pale ulipokatika. Rangi ilikuwa ya kijivu, chembe zake nene kama za sukari.

"Na mimi," alisema hatimaye.

"Na wewe nini?"

"Tupa ilikuwa inaziba. Kila nikipiga mara kumi, meno yamejaa utope wa kijivu. Nikaomba tupa mpya, nikaambiwa tupa ni hiyo hiyo. Nikachukua brashi ya waya nikawa nasafisha, napiga, nasafisha, napiga. Siku nne. Moyoni najua kabisa kwamba tatizo si tupa. Nikakaa kimya. Nilidhani wewe hujui, nikasema nisikutie wasiwasi."

"Na mimi nilidhani wewe hujui."

Mama mkwe aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mwanamke aliyewahi kufanya kazi ya kufua nguo za wagonjwa kwa miaka thelathini, na vitu vilivyoweza kumtisha vilikuwa vichache.

"Kwa hiyo nyumba hii ina mafundi wawili," alisema, "na wote mlijitia ububu. Haya. Huyu mmoja amerudi kwa boksi. Hao kumi na mmoja wengine wako wapi?"

Fundi alifumba macho. "Vyumbani. Wamewekwa kwenye rafu."

"Rafu ziko wapi?"

"Juu ya vitanda, mama."

Hapo Mama Tupa alisimama. Baadaye, akiulizwa ni lini alikata shauri, alisema hakumbuki kulikata; alijikuta tu amesimama na mkoba begani. "Vaa viatu," alimwambia mumewe. "Tunakwenda hotelini."

"Leo?"

"Watu watalala kwenye vitanda hivyo leo."

"Tukisema, tutamwaga unga sote wawili. Watoto wako mbali, mama yuko hapa, hatuna..."

"Wako umeshamwagika," Mama Tupa alisema. "Wangu nitaumwaga mwenyewe. Sisubiri mtu anisukume mkono."

Fundi aliinama, akavua ndala. Alipokuwa akifunga kamba za viatu, mama yake alimpiga kofi dogo la mgongoni, lile alilokuwa akimpiga enzi za shule akichelewa.

*

Mlinzi wa hoteli aliwatazama kuanzia viatuni kwenda juu, na hakufika mbali.

"Kazi za usafi, mlango wa nyuma."

"Hatutafuti kazi," alisema Mama Tupa.

"Wanaouza vitu pia, mlango wa nyuma."

Walizunguka. Mlango wa nyuma uliwaingiza kwenye ukumbi wa kufulia, wakaambiwa wasubiri kwenye benchi katikati ya vikapu vya mashuka. Wakasubiri nusu saa. Mhudumu mmoja akapita, akamwachia Mama Tupa kikapu mikononi akidhani ni mfanyakazi mpya, akamwambia afanye haraka, ghorofa ya pili wanangoja. Fundi alianza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile. Mkewe alikiweka kikapu chini, akamshika yule mhudumu mkono kwa upole.

"Mwanangu, mwambie meneja wako hivi: waliotengeneza zile sanamu za vyumbani wako kwenye mashuka, na wanasema mtu asilale chini ya zile zilizobaki."

Yule binti alikwenda akikimbia.

Meneja alikuwa mwanamke mfupi mwenye funguo nyingi shingoni na viatu visivyo na kelele. Hakuwakaribisha ofisini. Aliwapeleka mapokezi, na hapo wakamkuta Tajiri aliyefika kwa mlango wa mbele, Shemeji nyuma yake na mashine ya kutobolea mkononi.

"Hawa!" Tajiri alisema. "Mama, huyu mzee nimemfukuza asubuhi. Wamekuja na kinyongo. Mimi nimekuja na suluhisho. Tunatoboa kila kifundo, tunapitisha nondo, tunapaka rangi, humjui aliyetibiwa na asiyetibiwa."

"Wewe unasemaje?" Meneja alimuuliza Fundi.

Fundi alivua kofia. Mama Tupa, aliyesimama bega kwa bega naye, alihisi jinsi alivyovuta pumzi, kama anavyofanya kabla ya kuinua chungu.

"Nondo haitasaidia. Shaba yenyewe ni mbovu. Ina risasi nyingi, imetokana na bilula za zamani. Mimi ndiye niliyeimimina, na nilijua."

"Sikiliza!" Tajiri alipaza sauti. "Shaba ni shaba! Mama, usikubali kuchezewa. Hawa watu wa karakanani, ukiwapa nafasi ya kusema, watakwambia hata mbingu ina ufa."

Mama Tupa alifungua mkoba, akatoa tupa yake.

Kwenye kaunta ya mapokezi alisimama Dada Mkuu, mrefu kiasi cha mkono mmoja, ngao kifuani, bundi begani. Alikuwa amefika hotelini miaka miwili kabla ya Mahamali.

"Naomba ruhusa nimkune huyu chini ya nyayo," Mama Tupa alisema. "Hakuna atakayeona. Halafu nimkune Hamali mmoja hivyo hivyo. Wewe utatazama mwenyewe, huna haja ya kuniamini mimi wala yeye."

"Kukuna nyayo za mungu," Shemeji alinong'ona, kisha akajuta.

Meneja alituma mtu alete Hamali kutoka chumba cha karibu. Mama Tupa alitandaza karatasi mbili nyeupe za kujifutia mikono. Alimlaza Dada Mkuu chali, akapiga tupa mara tano chini ya nyayo zake, mapigo mafupi, mkono umetulia. Vumbi lililoanguka kwenye karatasi lilikuwa la wekundu wa dhahabu, chembechembe kavu zilizometameta. Aligonga tupa kando mara moja, ikawa safi.

Akamlaza Hamali. Mapigo matano. Kilichoanguka kilikuwa kijivu, kizito, hakikutawanyika. Aligonga tupa. Haikutoa kitu. Akaigeuza, akamwonyesha Meneja meno yaliyozibwa na utope uleule alioupigia brashi siku nne.

Meneja aligusa karatasi ya kwanza kwa kidole, kisha ya pili. Kidole chake kilibaki na doa jeusi. Alilitazama doa hilo muda mrefu.

"Ni... ni unyevu," Tajiri alisema. "Hewa ya hapa..."

"Wote wawili wako ndani ya hewa moja." Meneja alimgeukia Fundi. Hakuwa na uso wa kushukuru. "Wewe uliona, ukamimina. Vyumba vyangu vina wageni wenye watoto. Kwa nini nikuamini leo?"

Mama Tupa alitaka kujibu, akajizuia. Hilo lilikuwa la mumewe.

"Kwa siku ile sina cha kusema, mama," Fundi alisema. "Niliogopa. Lakini leo hakuna aliyeniita hapa. Ningetaka kuendelea kudanganya, ningekaa nyumbani nisingoje kwenye mashuka."

Meneja alimwita yule binti wa ukumbi wa kufulia. "Washusheni wote. Sasa hivi, kabla ya wageni wa jioni. Wawekeni sakafuni stoo." Kisha, bila kupandisha sauti, akamwambia Tajiri: "Utanitengenezea kumi na wawili wengine. Matofali ya shaba yataletwa kwanza hapa, mama huyu atayapiga tupa mbele yangu, na anayeyamimina ni huyu mzee. Ukikataa, nitaeleza kwa maandishi kilichotokea, nipeleke kwa kila mteja mwenye sanamu yako."

Tajiri alimeza mate. Alitazama Dada Mkuu, aliyelala chali juu ya kaunta, macho wazi.

"Sawa," alisema. "Mzee, njoo kesho kutwa. Yaishe."

*

Siku hiyo ya tatu walikwenda pamoja, mapema, jua likiwa bado upande mmoja wa barabara. Mama mkwe alikuwa amempigia Fundi pasi shati ambalo saa moja baadaye lingejaa masizi, na aliposhauriwa aache alisema masizi nayo yana haki ya kukuta shati safi.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Matofali mapya yalikuwa yamepangwa sakafuni. Mama Tupa alikuwa ameyapiga tupa jana yake, moja baada ya jingine, Meneja amesimama juu yake na funguo zake. Mawili aliyakataa, yakarudishwa. Wafanyakazi walikuwa kwenye nafasi zao. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na alipomwona Fundi aliinuka haraka, furaha imemjaa usoni wazi wazi. Siku mbili mbele ya lile tanuru zilikuwa zimemtosha.

Tajiri alitoka ofisini. "Karibu, mzee. Chungu kile pale. Tumechelewa sana."

Fundi alisimama kwenye kizingiti. Hakuingia.

"Vipi tena?"

"Ulinitoa mbele ya watu hawa," Fundi alisema. "Ukasema jicho langu limezeeka. Nami nikatoka, kwa kuwa nilikuwa na langu la kuficha. Langu nimelisema hotelini, na wewe ulikuwepo. Bado lako."

"Unataka nikupigie magoti?"

"Hapana. Sema tu. Kisha niwashe moto."

Tajiri alitazama saa yake, akatazama matofali, akatazama uso wa Mama Tupa, asione mahali pa kutokea. Alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa, kama mtu anayetaka kusoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo.

"Shaba ilikuwa mbovu," alisema kwa sauti ya puani. "Niliinunua mimi. Mzee aliniambia."

Fundi alikuwa tayari ameinua mguu kuvuka kizingiti. Mkewe alimshika mkono wa shati.

"Samahani, bosi," Mama Tupa alisema, kwa adabu yote, kama anayeomba kuongezewa msasa. "Wa huko nyuma tanurini hawajasikia."

Mtu mmoja alikohoa, na safari hii kilikuwa kicheko kabisa. Tajiri alivuta pumzi. Akarudia, neno kwa neno, kwa sauti iliyofika mpaka ukuta wa mwisho, na alipomaliza hakukuwa na aliyecheka tena. Walikuwa wamemtazama Fundi.

Fundi aliingia. Alimpita Tajiri, akampita Shemeji, akachukua glavu kutoka kwenye msumari, akaingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto.

"Washeni," alisema.